Chagua mji kwanza: jinsi ya kusafiri wawili kwa mechi na matembezi bila kununiana

Mimi Yanga, mume wangu Simba. Nalisema mapema ili ujue haya maelekezo yamepimwa kwenye mazingira magumu. Tuko kwenye ndoa mwaka wa tisa huu, tunakaa Tabata, watoto wawili, na katika mambo yote tunayobishana humo ndani kuna mawili hatujawahi kupingana: kwenda uwanjani na kwenda kuona sehemu tusiyoijua. Zamani kila mtu alikuwa na lwake. Yeye anapanda Kosta na mashabiki wenzake mpaka mkoani, wanafika saa nane, mechi saa kumi, usiku wanageuza, ukimuuliza umeona nini huko anakwambia refa alitunyima penalti. Mimi na mashoga zangu tunaenda Bagamoyo, tunapiga picha kwenye magofu ya Kaole, tunakula pweza, tunarudi. Siku moja nikamwambia mume wangu, hela tunayotumia ni ileile, kwanini tusiunganishe? Ndo mtindo wetu mpaka leo.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu anaanza nalo, na sisi tulianza nalo, ni kuchagua mechi halafu ndo mji ufuate. Geuza. Chagua mji ambao hata mechi isipochezwa hutojuta kufika, halafu angalia ratiba lini kuna mechi ya maana huko. Nasema hivi kwasababu ratiba ya ligi yetu si ya kuiwekea nadhiri, timu ikienda mashindano ya CAF mechi zake za ligi zinasogezwa, uwanja ukifungwa kwa matengenezo timu inahamia mkoa mwingine kabisa, na kuna siku inaahirishwa watu washavaa jezi. Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, ya tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa siku yenyewe ya mechi, ikaja kuchezwa Juni 25. Jiulize kuna watu wangapi walishasafiri kutoka Mwanza na Mbeya kwa ajili ya dakika tisini tu, hawana ratiba nyingine mjini zaidi ya kukaa gesti na kuangalia dari. Wewe ukiwa umechagua mji, mechi ikifa safari inabaki.

Kwahiyo sisi tuna orodha ya miji kwenye mlango wa friji, imeandikwa kwa kalamu ya watoto, na kila mji pembeni yake kuna vitu viwili, chake na changu. Yeye anapenda madaraja, treni, mabwawa, chochote kilichojengwa kwa zege na chuma. Mimi napenda maporomoko na masoko. Mkienda sehemu kila mtu ana kitu kimoja ambacho mwenzie haruhusiwi kukipinga, hata kama anaona ni upuuzi, anaenda, anasimama, anapiga picha, ananyamaza. Mwanza kwa mfano mimi nilitaka kisiwa cha Saanane, hifadhi ndogo ipo dakika chache tu kwa boti kutoka mjini, unatembea kwenye mawe na pimbi wanakuangalia kama wewe ndo mnyama. Yeye akataka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu na ushee juu ya Ziwa Victoria. Nikasema moyoni tunaenda kuangalia barabara jamani. Tulifika, nikakaa kimya, nilivyoona lile ziwa pande zote mbili na mtu mmoja pembeni ananiambia zamani hapa ungesubiri kivuko masaa nikaona haya yangu mwenyewe. Uwanja wa CCM Kirumba tulienda Jumapili, sato tulikula mara tatu kwa siku mbili. Basi Mwanza imeisha.

Anza na safari ya karibu

Kama hamjawahi kusafiri hivi wawili, msianze na Bukoba. Anzeni na Morogoro, na mnaotoka Dar pandeni treni ya SGR. Ilipoanza kubeba abiria Juni 2024 nauli ya kawaida Dar mpaka Moro ilikuwa 13,000 na mpaka Dodoma 31,000, na kwa mwendo wa chini ya masaa mawili unashuka Moro hujachoka, sio kama basi unakaa Kibaha mpaka unawajua wauza korosho kwa majina. Kitambulisho lazima, tiketi inakuwa na jina lako, na usipende kufika dakika za mwisho. Hapa nawaambia kwa uchungu. Ijumaa moja tulitoka nyumbani tukijua muda unatosha, foleni ya Buguruni ikatushika, mume wangu anamwambia dereva wa bajaji kaka pita huku, pita kule, mpaka tukatokea sehemu ambayo hata yeye dereva alikuwa haijui. Tumefika stesheni tunakimbia, begi linaburuzwa tairi moja limeshang'oka, mlinzi akatuangalia kwa huruma akasema, "Poleni, mlango umeshafungwa, mama." Treni tuliiona kwa macho inaondoka taratibu, kimyakimya, hata honi haikutupigia. Hakuna wa kumlaumu zaidi yetu. Tangu siku ile tunafika saa moja na nusu kabla tunakunywa chai hukohuko.

Stesheni ya Moro iko nje kidogo ya mji, kwahiyo ukishuka utapanda bajaji au bodaboda, patana bei kabla hujakaa. Uwanja ni Jamhuri. Na hapa sikiliza vizuri, Jamhuri ziko mbili, kuna ya Morogoro na kuna ya Dodoma, treni ni hiyohiyo moja na ukisoma tangazo la mechi haraka haraka "Jamhuri saa 10" unaweza kushuka mkoa siyo. Halafu sio kila mechi ya Mtibwa, timu ya huko Morogoro, inachezwa mjini, wao nyumbani kwao kwa miaka mingi ni Manungu kule Turiani, ni safari nyingine kabisa kutoka Moro. Soma jina la uwanja na mkoa, vyote viwili, kabla ya kulipa chochote.

Matembezi ya Moro yapo mlimani. Milima ya Uluguru unaiona tu ukiwa barabarani, inakuita. Sisi tulipanda mpaka Choma kwenye maporomoko, na safari nyingine Morningside ambako kuna jengo la zamani la Wajerumani na unauona mji wote chini. Chukua kijana wa pale akuongoze, njia za mashambani zinachanganya na pia ndo hela yao. Raba zenye meno, sio hizi za kutokea, kwasababu ikinyesha asubuhi udongo unateleza kama sabuni. Ukishuka pita soko la Chifu Kingalu ununue matunda na mboga za mlimani, mimi huwa nabeba mfuko mzima na mume wangu analalamika njia nzima ila kabeji yenyewe anakula.

Mpangilio wa siku ndo muhimu: fika siku moja kabla, mechi siku ya pili, mlima siku ya tatu. Usipande mlima asubuhi ukaenda uwanjani jioni. Tulijaribu. Kipindi cha pili mume wangu alilala kwenye benchi la mzunguko, kichwa begani kwangu, timu yake inacheza, watu wanaruka, yeye anakoroma.

Hela zenu

Wengine wanadhani safari za hivi ni za watu wenye mishahara mikubwa. Nakupa ya kwetu ya Moro, watu wawili, usiku mbili, kama tulivyoandika kwenye daftari: treni kwenda na kurudi 52,000, gesti 80,000 kwa usiku zote, bajaji na boda 20,000, kula 70,000, tiketi za mpira 20,000 tulikaa sehemu nzuri kidogo, kijana wa mlimani 30,000, na 50,000 ya dharura ambayo haiguswi. Jumla 322,000. Ukiigawa kwa miezi mitatu ni kama 3,600 kwa siku, wawili. Hiyo ni soda na vocha. Sisi tuna kibubu cha kwenye simu, kila mtu anaweka Jumatatu, na ambaye hajaweka wiki mbili anapoteza haki ya kuchagua mji unaofuata. Sheria hiyo nimeitunga mimi na imenigeukia mimi, ndo tukajikuta Dodoma mwezi wa tisa kwenye vumbi.

Dharura isiguswe kweli. Jezi mpya sio dharura, nimemwambia mara mia.

Kitu kingine cha hela, msiwe na mfuko mmoja mtu mmoja. Nusu kwako nusu kwake, kwenye simu tofauti, laini tofauti. Uwanjani ukiibiwa simu (na kwenye foleni ya geti ndo wanapoibia, wakati wote mmenyanyua mikono mnaonyesha tiketi) mnabaki na nauli ya kurudi. Kwa mechi za Uwanja wa Mkapa tiketi zinaenda kwa kadi ya N-Card, jaza hela na nunua siku mbili tatu kabla, achana na watu wa getini wanaokwambia dada nakuuzia yangu.

Mbeya, na kwanini usipande basi la usiku

Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena 2023 watu wengi wanalala njiani kuokoa siku, na kwenda msibani au kazini sawa, nakubali. Ila kama unakwenda kutembea panda la alfajiri. Barabara ya Mbeya inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, twiga na swala unawaona dirishani bure kabisa, ukibahatika tembo. Halafu Kitonga, mlima unapanda kona kwa kona, unatazama chini unaona malori madogo kama vibiriti. Halafu Iringa na baridi yake. Ukipanda la usiku umelipa nauli ileile umeona kisogo cha abiria wa mbele.

Mbeya uwanja ni Sokoine, na ukiwa jukwaani unaona milima, sijui viwanja vingapi nchini vina mandhari ile. Vaa sweta, hasa Juni na Julai, sio utani. Matembezi nenda upande wa Tukuyu. Ziwa Ngosi limekaa ndani ya shimo la volkano, unatembea msituni kwenye matope na mianzi, unapanda mpaka unahema, halafu ghafla msitu unafunguka na maji ya kijani yapo chini kabisa kimya. Mume wangu, mtu wa maneno mengi, alikaa chini hakusema kitu labda dakika tano. Daraja la Mungu ni jiwe la asili lililokaa juu ya mto Kiwira, nalo hilo tuligombania limo kwenye orodha ya nani, yeye anasema ni daraja kwahiyo ni lake, mimi nasema limejengwa na Mungu halina zege. Ukiwa na siku ya ziada nenda upande wa pili kwenye Kimondo cha Mbozi, jiwe kubwa la chuma lililotoka angani, lipo pale wazi unaligusa. Na Tukuyu mvua ni ya kila mara, weka simu kwenye nailoni.

Mkitaka kukimbia na nyie

Kuangalia tu kunachosha. Mwaka wa nne wa ndoa tukaanza kukimbia, na safari ambayo ningekushauri mfanye hata mara moja ni Kilimanjaro Marathon, Moshi. Ipo tangu 2003, inafanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, siku ya Jumapili, kuna kilomita 42, kuna 21, na kuna 5 za kujifurahisha ambazo watu wanakimbia na watoto. Inaanzia na kuishia Chuo Kikuu cha Ushirika. Jisajilini mapema maana nafasi zinajaa, ila chumba ndo mapema zaidi, mji ule wikiendi ile unafurika, gesti ya 30,000 inakuwa bei ya hoteli. Sisi tunabuku Novemba. Na ukipiga simu kubuku omba chumba cha chini, ghorofa hutaki, utanishukuru Jumatatu ukiwa huwezi kushuka ngazi.

Mazoezi anza miezi mitatu minne kabla. Shida ya watu wa Dar ni kwamba mji wetu uko tambarare, tunakimbia Daraja la Tanzanite na Coco Beach tunajiona wanariadha, halafu ile 21 ya Moshi inakupandisha kuelekea Mweka, unapanda na kupanda karibu nusu nzima ya mbio, ndo ugeuze kushuka. Moshi yenyewe ipo juu kuliko Dar, mapafu yanashtuka. Kwahiyo tafuta kilima. Sisi tulikuwa tunaenda Pugu Jumamosi alfajiri, tunapanda tunashuka mpaka wauza mkaa wakatuzoea, kuna mmoja alikuwa anamuuliza mume wangu, "Shemeji leo anakuburuza tena?"

Kubalianeni kabla, hamkimbii pamoja. Hili limevunja amani ya wengi. Kila mtu ana mwendo wake, mwenye kasi akimsubiri mwenzie anakasirika, mwenye taratibu akijilazimisha anaumia. Pangeni sehemu ya kukutana mkimaliza, mti fulani, bango fulani, kwasababu simu zinakuwa kwenye begi na mtandao watu wamejaa hauelewi. Tafadhali sio "pale mwisho", pale mwisho kuna watu maelfu.

Mwaka wetu wa kwanza mimi nilikuwa mbele. Nimeshageuza Mweka nashuka ndo nikamkuta yeye bado anapanda, amekaa ukingoni mwa shamba la migomba, raba moja amevua, kidole kimetoka lengelenge kubwa kama punje ya hindi. Watoto wamemzunguka wanamwangalia. Kuna bibi wa pale amesimama na jagi la plastiki na kikombe kimoja, anampa maji anamwambia, "Baba, kunywa taratibu, mlima haukimbii." Nikataka kusimama, akanifukuza kwa mkono, nenda, nenda. Nikaenda. Nilikaa pale kwenye mti wetu zaidi ya saa nzima, nimeshakula ndizi mbili na chungwa, ndo namuona anaingia anachechemea na medali anaishika kwa mkono kama mtu anayebeba yai. Lile lengelenge lilitokana na soksi mpya. Usivae kitu chochote kipya siku ya mbio, soksi, raba, hata chupi, vyote viwe vimeshakimbia Pugu.

Kula ya Moshi isikuchanganye kabla ya mbio. Ijumaa ukifika kula mtori, Jumamosi kula wali au ndizi za kawaida mapema, lala. Kitimoto na mbege zipo Jumapili jioni, hazihami.

Sasa matembezi baada ya mbio, na hapa mpangilio unageuka. Jumatatu miguu ni ya mbao. Usiende Materuni Jumatatu, maporomoko ni mazuri mno lakini unatembea kwenye kilima, unateremka na kupanda, magoti yatakutukana. Jumatatu nenda Chemka. Ipo upande wa Boma Ng'ombe, barabara ya mwisho ni vumbi, maji yake ni ya buluu unaona mpaka chini, yanatoka ardhini yana uvuguvugu tu sio moto kama jina linavyodanganya, na mizizi ya miti imeingia majini. Ukikaa ukatumbukiza miguu kuna visamaki vinakuja kudonoa ngozi iliyokufa, kwa mtu aliyekimbia jana ni kama vimetumwa. Ni kina kirefu, kama hujui kuogelea kodi boya na usione aibu. Nenda asubuhi kabla watu hawajatibua maji. Materuni weka Jumanne, kule pia wanakutwangia kahawa kwenye kinu mnaimba huku mnatwanga, mnakaanga, mnakunywa palepale. Mlima wenyewe, mita 5,895, mtautazama asubuhi sana kabla haujajifunika, ikifika saa tatu saa nne umeshavuta shuka.

Zanzibar Januari

Kombe la Mapinduzi linachezwa Januari kuzunguka sherehe za tarehe 12, na Uwanja wa Amaan tangu ukarabatiwe upya mwisho wa 2023 ni raha kukaa. Boti kutoka Dar ni kama masaa mawili, beba kitambulisho upate nauli ya mzalendo, na kama unatapika majini kaa katikati usikae mbele. Mechi nyingi ni usiku kwahiyo mchana wote ni wenu. Ila angalia tena mashindano yenyewe yapo wapi, 2025 yalipelekwa Pemba, Gombani, wakacheza timu za taifa na Zanzibar wakachukua. Kama ikiwa Pemba nenda Pemba, usiulize mara mbili.

Januari wageni ni wengi, vyumba vya ufukweni bei mbaya. Laleni mjini Ng'ambo, mchana pandeni daladala za Nungwi au Jambiani, jioni mrudi. Gesti moja walituuliza cheti cha ndoa, mume wangu akacheka, yule baba hakucheka. Tangu hapo picha ya cheti ipo kwenye simu zote mbili. Na bukta na jezi isiyo na mikono ni vya uwanjani na baharini, mtaani funga kanga, mwanaume avae suruali, watu wa kule hawatakugombeza ila watakutazama mpaka ujirudi mwenyewe. Urojo kula jioni kabla ya mechi, sio hafutaimu.

Fainali ya 2024 tulikuwepo. Simba na Mlandege. Nilivaa nguo ya kawaida kabisa kwa heshima ya ndoa. Mlandege wakashinda moja bila, uwanja mzima wa Zanzibar unaimba, mimi natazama baharini ingawa pale bahari haionekani.

Mkiwa timu mbili tofauti

Hili ndo nililoulizwa zaidi. Kwanza jezi. Mkoani mnaweza kukaa pamoja, kijani na nyekundu, watu wanawatania tu, mama ntilie anawaongezea mchuzi. Dabi ya Mkapa ni kitu kingine, uwanja wa watu 60,000, na kila upande una rangi yake. Ama mmoja avae nguo isiyo na timu akae upande wa mwenzie, ama mnagawana getini mnakutana mkitoka. Sisi tunagawana. Nikishangilia bao la Yanga nikiwa katikati ya Simba nitaishi, ila sitafurahi.

Pili, sheria ya chakula. Hakuna kuzungumzia mechi mpaka wote tumeshakula. Ilizaliwa kwenye dabi ya Novemba 5, 2023. Mpaka hafutaimu ni moja moja, ananitumia meseji za vikaragosi, simba, moto, misuli. Mkisoma hapa mnajua kilichofuata, Yanga tano, Simba moja. Tulikubaliana kukutana kwenye kibanda cha chipsi upande wa Chang'ombe. Nilifika na maneno yangu yote nimeyapanga mdomoni. Amekaa, mbele yake soda imefunguliwa hajaigusa, skafu ameikunja vizuri kaiweka mfukoni. Akanitazama. Nikaagiza chipsi mayai mbili, nikamwekea kachumbari, tukala kimya. Alipomaliza akafuta mikono akasema, "Haya. Anza." Nikaanza, mpaka Tabata.

Tatu, begi. Timu iliyofungwa ndo inabeba mizigo safari inayofuata, kwenda na kurudi, pamoja na mfuko wa kabeji kama tupo Moro. Sare kila mtu abebe chake. Tumeshaanza kuweka hela ya AFCON 2027, kombe la mataifa ya Afrika, itachezwa hapa Tanzania, Kenya na Uganda, na mpango ni Dar, halafu Namanga kwenda Nairobi, tupite Naivasha tukodi baiskeli ndani ya Hell's Gate maana ni hifadhi unayoruhusiwa kuendesha katikati ya pundamilia. Hati za kusafiria tushafuatilia na kadi za homa ya manjano zipo kwenye droo. Kwenye AFCON wote tuko timu moja kwahiyo akaniuliza juzi, sasa begi atabeba nani. Nikamwambia tutaangalia matokeo ya dabi ya mwisho kabla ya safari. Amenunua begi jipya, lina tairi nne.